Je, wajua? Neno "sus" ni kongwe kuliko Among Us

Muulize kijana anayecheza michezo ya simu neno "sus" limetoka wapi, atakujibu bila kusita: Among Us. Mchezo huo wa Kimarekani ulitoka mwaka 2018 ukavuma 2020, wakati wa corona. Wachezaji wako ndani ya chombo cha angani, na miongoni mwao wamo walaghai wanaowaua wenzao kimyakimya. Maiti ikionekana, kikao kinaitishwa, saa inahesabu, kila mtu anaandika mbiombio anamshuku nani. Nani ana muda wa kuandika "suspicious", herufi 10 nzima? "Red sus" inatosha: yule mwekundu simwamini.

Mchezo ulilisambaza neno, haukulizaa. Vijana Weusi wa Marekani walikuwa wakilitumia miaka kadhaa kabla, na Waaustralia nao hawakuwa wageni nalo. Ukizidi kurudi nyuma unakutana na watu usiowatarajia kabisa: polisi wa Uingereza. Katika maandishi ya miaka ya 1930 tayari linaonekana likimaanisha shuku au mshukiwa, pengine kwa tahajia ya "suss". Hiyo ni tarehe ya karatasi tu; maneno ya vijiweni huzungumzwa kitambo kabla ya kuandikwa. Miaka ya 1960 likapata kitenzi, "suss out", yaani kung'amua.

Lililolitia uchungu ni sheria. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Uzururaji ya mwaka 1824 kiliruhusu kumkamata "mtu anayeshukiwa" akirandaranda hadharani kwa nia ya kutenda uhalifu. Mtaani kikaitwa "sus law", na jinsi kilivyofanya kazi ni kioja. Ili upatikane na hatia, ilibidi kwanza uwe umeshaingia kwenye kundi la wanaoshukiwa, kisha ufanye jambo jingine. Basi ukishika kitasa cha gari la kwanza, umekuwa mshukiwa. Ukishika cha la pili, umetenda kosa. Ni kama refa akuoneshe kadi mbili za njano katika shambulizi moja, halafu mashahidi wawe yeye na mshika kibendera wake. Hakuhitajika aliyeibiwa wala kilichoibiwa. Maneno ya askari wawili yalitosha mahakamani.

Miaka ya 1970 kifungu hicho kiliwaangukia vijana Weusi kupita kiasi. Aprili 1981 ghasia zikalipuka Brixton, kusini mwa London, baada ya operesheni iliyosimamisha watu zaidi ya 900 kwa siku chache. Hapa napo pana kosa linalorudiwa sana: eti operesheni ile ilikuwa "sus law". Ilitegemea hasa mamlaka mengine, ya kusimamisha na kupekua, ingawa kwa aliyegeuzwa mifuko barabarani tofauti hiyo ilikuwa ya wanasheria. Vilevile, si ghasia zilizokiua kifungu. Sehemu yake ya "mtu anayeshukiwa" ilifutwa mwaka huohuo, lakini muswada wa kuifuta ulikuwa umeshafika bungeni kabla jiwe la kwanza halijarushwa.