Hati ya mamako imekufa kabla yake

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, alinijia bwana mmoja wa Kisauni na hati ya uwakala aliyoifunika plastiki kama kitambulisho. Mamake aliitia sahihi miaka minane nyuma. Sasa bi mkubwa hamtambui mwanawe, humwita kwa jina la kaka aliyekufa zamani, na lazima pawe na mtu wa kumkalia usiku na mchana. Watoto wameamua nyumba iuzwe. "Bi wakili, hati ninayo. Wewe andika tu mauzo, sahihi nitatia mimi."

Huyo ni wa nne tangu Ramadhani.

Basi nisikilizeni. Wakala anatumwa na mtu, na mtu huyo lazima awe na akili ya kutuma. Aliyekutuma akifa, uwakala umekwisha. Hilo wengi wanalijua, hata wanaojifanya hawalijui. Wasilotaka kulisikia ni kwamba akili yake ikiondoka, uwakala umekwisha vilevile, hata kama yeye bado anakula, anacheka na kuuliza chai iko wapi. Muhuri hauufufui. Plastiki ndiyo kabisa.

Ndugu aliye London hupiga simu akabisha: mbona huku hati inaendelea? Inaendelea kwa sababu Uingereza ilitunga sheria, ya 2005, ya hati inayodumu hata akili ya mwenyewe ikiondoka. Kenya hatuna. Wako mawakili wenzangu wanaoandika ndani ya hati "uwakala huu utadumu hata nikipungukiwa na akili". Sentensi nzuri. Mimi siiweki nyumba ya mtu juu yake.

Najua inavyoonekana: hati tuliyoiandaa kwa siku ya shida, siku ya shida ikifika inakufa. Ni upungufu wa sheria yetu na siutetei.

Sasa kuna jambo linalonikera zaidi ya hilo. Watu wanadhani akili ni kama taa, ama inawaka ama imezimika. Mzee akiuliza swali moja mara tatu, watoto wananiambia "huyo hana akili tena", na yeye ameketi papo hapo, anasikia. Wengine wanaleta mzee asiyejua yuko wapi, wamemshika dole gumba tayari kulichovya kwenye wino, na wananihakikishia kwamba "leo ameamka vizuri". Wote wawili wamekosea. Sheria haiulizi kama mzee ana akili kwa jumla. Inauliza kama, saa hiyo, analielewa jambo hilo analolifanya. Anaweza kusahau leo ni siku gani na bado akajua barabara kwamba ana nyumba Majengo, ana watoto watano, na anataka nani amkusanyie kodi.

Kwa wosia, kipimo tunachotumia hadi leo kinatoka kwenye kesi ya Kiingereza ya 1870, Banks na Goodfellow. Huyo Banks aliamini mashetani wanamfukuza, na kwamba mtu aliyekwisha kufa alikuwa akimwandama. Wosia wake ulisimama, kwa sababu mashetani hawakuingia kwenye hesabu ya mali yake wala ya jamaa zake. Na sheria yetu ya urithi, Sura ya 160, inamchukulia mwenye kuandika wosia kuwa ni mwenye akili timamu. Anayepinga ndiye athibitishe.

Kwa hiyo mzee anayeanza kusahau nampokea asubuhi, wakati kichwa chake bado chepesi. Watoto wote wanatoka nje, na hasa yule anayemjibia kila swali. Namuuliza yeye. Namtaka pia daktari amwone siku hiyohiyo na aandike alichokiona. Hata hivyo sina uhakika kila mara. Kuna bibi mmoja niliyempokea sahihi yake zamani, akanijibu yote sawasawa, kisha mlangoni akaniuliza kama mimi ni binti wa fulani. Hata leo sijui kama nilifanya haki.

Akili ikishaondoka kweli, njia ni ombi Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Afya ya Akili: ripoti za madaktari, viapo, na ndugu wote wajulishwe, hata yule msiyesemezana naye. Mahakama inamteua mlezi na msimamizi wa mali. Msimamizi hakupewa mali. Anaorodhesha kila kitu, anatoa hesabu, na nyumba au kiwanja hauzi bila ruhusa ya mahakama yenyewe. Inachosha na ina gharama. Watu wananiambia Katiba, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa na serikali. Inawapa. Lakini Inua Jamii, ile posho ya serikali kwa wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70, na nepi za watu wazima mnajua bei yake.

Mzee akifa, acheni kabisa ile hati. Kukusanya kodi ya marehemu au kuuza chake bila idhini ya mahakama ni kosa chini ya kifungu cha 45 cha Sura hiyo ya 160, na kifungo kimo humo.

Waislamu mna yenu, na kesi za urithi zenu ziko kwa Kadhi. Wosia hauvuki thuluthi ya mali na haumwendei mrithi ila warithi wenzake wakiridhia. Binti aliyemwosha mama miaka sita hana fungu la jasho. Mama akitaka kumpa kitu, ampe hiba, yaani zawadi, akiwa mzima na amkabidhi kweli. Hiba ya kitanda cha mauti inahesabiwa ndani ya thuluthi.

Na nyumba zetu zisizo na ardhi! Kiwanja cha mwenyewe mwingine, nyumba yenu. Ukienda msajili wa ardhi, jina la mamako halimo. Haki yake yote iko kwenye risiti za kodi ya kiwanja, ndani ya kasha ambalo ni yeye tu ajuaye ufunguo uko wapi. Muulizeni leo.

Yule bwana wa Kisauni nilimwambia ampeleke mamake kwa daktari wa akili, nikamtaka aniletee sahihi za dada zake, pamoja na wa Jeddah. Jumatatu akanipigia: ile hati aichome? Nikamwambia ailete kama ilivyo. Kuuzia nyumba haifai tena, lakini nitaiambatanisha na kiapo chake, ili jaji aone kwamba bi mkubwa, alipokuwa na akili zake, katika watoto wote alimchagua yeye. Sasa anatafuta namna ya kuitoa plastiki.