Je, wajua? Yule jamaa wa kwenye trela haelei, anaanguka

Tangu trela ya ile filamu mpya ya anga itoke, kwenye kabini (vibanda vya simu) za Katuba na Kamalondo hapa Lubumbashi mtu anakuja kununua mega za intaneti za elfu moja anajikuta amesimama nusu saa anabishana, na filamu yenyewe hakuna aliyeiona. Kinachobishaniwa ni sekunde chache tu. Rubani anazima injini, anafungua mkanda wa kiti, kalamu inamtoka mkononi na kubaki hapo hapo hewani, halafu na yeye mwenyewe anaanza kunyanyuka taratibu, na nyuma yake dunia imejaa dirisha zima.

Kundi la kwanza linasema: "Kule yulu graviti hakuna, njo maana banaelea," yaani kule juu mvutano wa dunia haupo, ndiyo maana wanaelea. Kundi la pili linasema hapana yaya, dunia si iko pale pale dirishani, iko karibu, basi inamvuta, na kama inamvuta angeanguka, kwa hiyo waliotengeneza filamu wamekosea. Kundi la kwanza ndilo lenye watu wengi na ndilo limepotea kabisa. La pili lilikaribia sana kupata jibu, likaliacha mlangoni. Dunia inamvuta kweli, na anaanguka kweli. Ila chombo chake kinaanguka pamoja naye, kalamu pia, kiti pia, kwa mwendo ule ule, ndiyo maana hakuna kinachomgonga mwenzake.

Tuanze na hili la graviti kuisha, maana limekaa vichwani sana, na filamu zenyewe zimelilea, roketi inapanda, inatikisika, halafu ghafla kimya na vitu vinaanza kuelea, utadhani kuna mpaka kule juu na umevuka. Hakuna mpaka. Kituo cha anga cha kimataifa kinazunguka kwenye kimo cha kama kilomita 400, ambao ni umbali unaokaribia ule wa Lubumbashi hadi Kamina ukipita kwa mstari wa ndege. Mvutano wa dunia hesabu yake inaanzia katikati ya dunia, siyo hapa chini ya viatu vyetu, na kutoka katikati hadi hapa tuliposimama ni kilomita 6,371. Ongeza 400 juu ya 6,371 uone umeongeza nini. Kidogo sana. Ndiyo maana pale kituoni mvutano bado uko kwenye asilimia 89 ya huu wa kwetu. Ungejenga ngazi ya kilomita 400 na kumsimamisha mtu mwenye kilo 70 juu ya mizani kule kileleni, mizani ingesoma kama 62. Asingeelea hata kidogo, angesimama pale kama kawaida yake, na akikanyaga vibaya anaporomoka.

Na ukienda mbali zaidi bado hauishi. Mwezi uko kama kilomita 384,000 kutoka hapa na ni mvutano wa dunia huo huo unaoushika usitoroke. Unapungua, ndiyo, unapungua sana, lakini sehemu ya kusema hapa ndiyo umekatika haipo.

Haya, kama unamvuta, mbona hafiki chini?

Hapa mwanasayansi Newton alikuwa na mfano wake wa mlima mrefu na mzinga juu yake, ila sisi watu wa Lubumbashi tuna terili, lile rundo jeusi la mabaki ya shaba pale pembeni ya bomba refu la moshi, basi tulitumie hilo, na tujifanye hewa haipo. Simama juu, rusha jiwe mbele. Linakwenda kidogo, linapinda, linaanguka chini pale karibu. Rusha kwa nguvu zaidi, linaangukia mbali zaidi. Angalia vizuri lakini: kwenda mbele hakulizuii kuanguka. Katika sekunde ya kwanza jiwe linashuka mita 5, ulirushe kwa nguvu au uliachie tu lidondoke, mita 5 ni zile zile.

Sasa dunia ni mviringo. Ukienda mbele kilomita 8 kwa mstari ulionyooka kabisa, ardhi chini yako inakuwa imeshuka mita 5. Umeona inakoelekea? Lirushe jiwe kwa kilomita 8 kwa sekunde moja. Sekunde inaisha, jiwe limeshuka mita 5, lakini na ardhi imeshuka mita 5, kwa hiyo liko kwenye kimo kile kile cha mwanzo. Sekunde ya pili, tena. Ya tatu, tena. Linaanguka muda wote na ardhi inalikwepa muda wote, na baada ya kama saa moja na nusu linakuja kukupita nyuma ya kisogo likitokea upande wa pili, kwa hiyo inama.

Kituo cha anga ndilo hilo jiwe, hakuna siri nyingine. Kinakwenda kama kilomita 7.7 kwa sekunde, yaani barabara ya Lubumbashi hadi Likasi, kilomita kama 120, kingeimaliza kwa sekunde 16. Na mtu aliye ndani naye anakwenda 7.7, anaanguka pamoja na sakafu. Sakafu ikianguka sawasawa na wewe haiwezi kukusukuma miguu, na kule kusukumwa na sakafu ndiko tunakokusikia mwilini na kukuita uzito.

Ukitaka kuliona jambo hili chukua chupa ya plastiki, itoboe tundu moja karibu na kitako, jaza maji, usiweke kifuniko. Ukiishika maji yanatoka kwa nguvu pale tunduni. Iachie idondoke, au irushe juu kidogo mwenzako aidake. Muda wote ikiwa hewani maji hayatoki. Tundu lipo, maji yapo, graviti ipo asilimia 100, lakini hayatoki kwa sababu maji na chupa vinaanguka pamoja na hakuna kinachomsukuma mwenzake. Fanyia uani, siyo sebuleni kwa mama mkwe.

Watu wa sinema wanalijua hili tangu zamani. Filamu ya Apollo 13 ya mwaka 1995, sehemu nyingi za kuelea walizipigia picha ndani ya ndege ya NASA, shirika la anga la Marekani, ile inayopanda kwa kasi halafu inaachwa ifuate njia ya jiwe lililorushwa, na kwa kama sekunde 25 kila kitu ndani kinaelea, halafu inapanda tena, mara nyingi sana, na waliokuwemo wengine walitapika. Ndege tu ile, ina mabawa, iko katika hewa yetu hii hii. Anayesema kuelea ni mpaka graviti iishe atuambie iliisha wapi pale.

Jambo lingine linalofuata hapo, na hili ndilo linalonifurahisha zaidi, ni kwamba kufika juu siyo kazi ngumu kuliko zote, kazi ni kukimbia kuelekea pembeni. Katanga yetu hii ilishakuwa na roketi, kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha upande wa Manono, ya kwanza tarehe 17 Mei 1977, enzi mkoa unaitwa Shaba, kabla Mobutu hajawafungia mwaka 1979. Roketi zile za majaribio zilipanda na kurudi chini, hazikuwa na ile kasi ya pembeni. Hata ungeirusha roketi wima mpaka kilomita 400, bila hiyo kasi inarudi chini tu.

Tuwe waangalifu kidogo. Kule kwenye kilomita 400 bado kuna hewa nyembamba sana inayokipunguza kituo mwendo, kinashuka pole pole hadi kisukumwe tena, kwa hiyo kuanguka kwake siyo safi asilimia 100. Na kwenye trela kalamu inatulia kabisa, wakati ndani ya chombo halisi feni za kuzungusha hewa zingeshaipeleka kwenye wavu wa hewa huko ukutani. Ila kuzima injini halafu ndiyo mtu aanze kuelea, hapo wamepatia, injini ikiwaka sakafu inakusukuma, ikizimwa inaacha.

Trela inaonyesha pia gurudumu kubwa la angani linalozunguka ili watu waliomo watembee kawaida, na kwenye hilo sina uhakika bado kama wamepatia. Kuzungusha kunaleta uzito kweli, mwaka 1966 chombo cha Gemini 11 kilifungwa kamba na kingine vikazungushwa, uzito ukapatikana, mdogo mno lakini ulikuwepo. Ila binadamu kuishi miezi ndani ya gurudumu la hivyo angani hakuna aliyejaribu bado, tunajua kutoka majaribio ya hapa chini kwamba likizunguka haraka kichwa kinazunguka nalo. Hesabu yake lakini ni nyepesi, filamu ikifika ifanye mwenyewe: hesabu sekunde za mzunguko mmoja, zizidishe kwa zenyewe, gawa kwa 4, hapo unapata mita kutoka katikati hadi ukingoni ili uzito uwe kama wa hapa. Sekunde 30 zinataka mita 225. Sekunde 20, mita 100. Ukihesabu 6 inatakiwa mita 9 tu, na hapo wale waliokuwa wanakula ugali wao kwa utulivu ndani ya gurudumu walipaswa kuwa wanatapika. Trela inaonyesha robo ya mzunguko halafu inakata.