Malakiti: jiwe letu lenye jina la mboga

Anayefika idarani kwetu hapa Lubumbashi na jiwe la kijani mfukoni huuliza kwanza kama ni malakiti ya kweli. Swali la pili huja akiwa tayari mlangoni: hilo jina limetoka wapi? Wengi hudhani ni la Wabelgiji. Hapana, ni la mboga.

Wagiriki wa kale walikuwa na mmea walioula, wakiuita *malakhe*. Ndugu zake tunao jikoni: dongodongo ni wa ukoo huo, ngai-ngai pia, na hata pamba. Jiwe lililofanana rangi na majani yale likapewa jina la majani. Mrumi Plinius, aliyefariki mwaka 79 mlima wa volkano Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba jiwe hilo limeitwa hivyo kwa rangi ya mmea, akaongeza kuwa huwakinga watoto wachanga na hatari. La rangi tunamkubalia. La watoto nitalirudia. Jina likapita Kilatini na Kifaransa hadi likafika kwetu. Wapo wanaolihusisha na *malakos*, yaani laini. Mimi nashikilia majani, ingawa jiwe lenyewe kweli ni laini. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, malakiti ina 3.5 hadi 4, kwa hiyo ncha ya kisu cha jikoni hulikwaruza.

Hapo ndipo pa kuanzia unapopima sanamu au yai la kijani uliloletewa sokoni. Lishike kiganjani: malakiti ni nzito kuliko ukubwa wake, na huwa baridi kwa muda kabla ya kupata joto la mkono. Plastiki ni nyepesi na haina ubaridi huo. Kisha angalia mistari. Ya kweli haifanani: mmoja mpana, mwingine mwembamba kama uzi, huu karibu mweusi, ule wa kijani kibichi, yote ikizunguka kama pete za gogo lililokatwa. Ikiwa mistari imenyooka na kulingana kama ya kitambaa, weka mashaka. Mwisho, geuza kigae cha sakafuni, usugue kwa nguvu sehemu ya jiwe isiyoonekana kwenye upande wa kigae usiong'arishwa. Malakiti huacha unga wa kijani hafifu.

Mistari hiyo ni kazi ya maji. Mvua ikipenya kwenye mawe yenye shaba karibu na uso wa ardhi, huyeyusha shaba kidogo kidogo; ikikutana na kaboni, ambayo miamba ya dolomiti ya eneo letu hili la Katanga inayo tele, huiacha tabaka juu ya tabaka kwenye mianya. Kila badiliko dogo la maji lina mstari wake. Zaidi ya nusu ya uzito wa malakiti safi, takriban asilimia 57, ni shaba, na kijani chote kinatokana na shaba hiyo.

Ndiyo maana wazee wetu hawakuihesabu kuwa pambo tu. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapanga malakiti na makaa, wakavukuta. Moto hufukuza maji na hewa ya kaboni, makaa hunyang'anya oksijeni, na shaba hubaki ikitiririka. Ndani ya kalibu ikawa msalaba, ule uliotumika kama fedha na kulipia mahari. Mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960.

Sasa la watoto. Shaba nyingi mwilini ni sumu. Usiloweke malakiti kwenye maji ya kunywa kama baadhi ya wauza tiba wanavyoshauri, wala usimpe mtoto aing'ate. Ninyi mnaochonga, vumbi ndilo adui: sugua jiwe likiwa limelowa, funika pua na mdomo, na usichonge ndani ya nyumba wanamolala watu. Pia limau huondoa mng'ao wake, basi usilisafishe nalo.

Mmea uliolipa jiwe jina ulikuwa wa mbali, ila tunao wetu unaolifichua. Kwenye vilima vyenye shaba miti hukataa kuota, lakini kuna ua dogo linalostahimili udongo huo, wataalamu wakiliita *Haumaniastrum katangense*. Watafutaji wa madini walilifuata. Na wanaakiolojia nao walipoliona limestawi mahali pasipo na mgodi, walichimba, wakakuta tanuru za kale: majivu na mabaki ya shaba yalikuwa yameutia udongo shaba tangu karne nyingi, na ua bado linauonyesha.