ANA chanya si lupasi: yanayosemwa na yalivyo

"Kipimo kimesema nina lupasi."

Maneno haya huniumiza kila nikiyasikia, kwa sababu mara nyingi anayeyasema ameshika karatasi yenye jibu moja tu: ANA chanya. Mdomoni hana kidonda, viungo havijavimba, nywele hazijanyonyoka, mkojo hauna kasoro. Ana hiyo karatasi tu, na usingizi umempaa kwa kusoma habari za figo zilizofeli.

Kipimo hakikusema hivyo. Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. ANA ni jina la kundi la kingamwili, yaani protini za kinga zilizomo kwenye damu, zinazonasa vitu vilivyomo ndani ya kiini cha seli. Maabara huchukua majimaji ya damu ya mtu, huyazimua hatua kwa hatua, kisha huyaweka juu ya kioo chenye seli zilizooteshwa. Kama kingamwili zipo, hung'ang'ania kwenye viini. Huongezwa rangi yenye kung'aa, na mpimaji aliye katika chumba cha giza akichungulia kwenye darubini huona viini vikiwaka kijani, kimoja kimoja, kama vimulimuli. Namba unayoiona kwenye majibu, 1:80 au 1:320, ni kiwango cha mwisho cha kuzimua ambacho viini bado viliwaka. Hakuna mahali popote katika kazi hiyo ambapo mpimaji ameiona lupasi.

Na viini huwaka pia kwa damu ya watu wenye afya njema kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, ukihusisha maabara za nchi mbalimbali, ulipima watu wasio na ugonjwa. Kwenye 1:40 karibu theluthi yao walikuwa chanya. Kwenye 1:80 walikuwa kama 13 katika kila 100, na kwenye 1:160 walikuwa 5. Ongeza hapo wenye magonjwa ya tezi ya shingo, wenye homa ya ini, wanaotumia dawa fulani, na wazee. Ndiyo maana naamini ANA haifai kupimwa kwa uchovu peke yake, wala kuwekwa kwenye vifurushi vya vipimo vya afya. Jibu lake lenye nguvu ni lile hasi: wagonjwa wa lupasi walio chanya ni zaidi ya 95 katika kila 100, kwa hiyo ikitoka hasi, daktari hulazimika kutafuta sababu nyingine.

Vigezo vilivyotolewa mwaka 2019 na vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Ulaya na Marekani vinaliweka jambo hili sawasawa. ANA ya 1:80 au zaidi ni mlango tu. Ukishaingia, alama (pointi) hutafutwa mwilini na kwenye damu: viungo kuvimba ni 6, homa isiyo na sababu nyingine ni 2, kingamwili mahususi ni 6. Zinatakiwa 10, na angalau dalili moja itoke kwa mgonjwa mwenyewe. ANA yenyewe haina alama hata moja. Tena vigezo hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya kupanga watu kwenye tafiti. Daktari aliye mbele ya mgonjwa bado ana kazi ya kufikiri.

"Lakini kingamwili hutangulia ugonjwa kwa miaka." Hili ni kweli, ila husomwa kinyumenyume. Mwaka 2003 watafiti walifukua damu iliyokuwa imehifadhiwa ya wanajeshi 130 wa Marekani waliokuja kuugua lupasi. Wengi wao, 115, walikuwa na kingamwili kabla ya kugunduliwa, hadi miaka 9 kabla. Angalia walianzia wapi: kwa watu ambao tayari walikuwa wameugua, wakarudi nyuma. Ukianza na wenye ANA chanya ukaenda mbele, walio wengi hawafiki kwenye lupasi kamwe.

Kosa jingine ni kuziona kingamwili zote kama kitu kimoja. Ile inayoshambulia DNA yenye nyuzi mbili hupanda na kushuka, mara nyingi pamoja na hali ya figo, kwa hiyo kipimo chake hurudiwa pamoja na cha C3 na C4, protini za kinga ambazo hupungua ugonjwa unapowaka. Ile ya Sm, iliyopewa herufi za kwanza za jina la ukoo la mgonjwa Stephanie Smith na kuelezwa mwaka 1966, ni nadra sana kuonekana nje ya lupasi, lakini haipo kwa wagonjwa walio wengi. Kuikosa hakumsafishi mtu. ANA yenyewe ikishakuwa chanya, kuirudia kila mwezi ni kupoteza fedha. Kingamwili nyingine, ile ya Ro, ina uzito wake kwa mama mjamzito: hupita kwenye kondo, na katika mimba 1 hadi 2 kati ya 100 huweza kuvuruga mapigo ya moyo wa mtoto, kwa hiyo ijulikane mapema.

Halafu kuna zile zinazolenga mafuta ya utando wa seli. Hizi huleta damu kuganda kwenye mishipa na mimba kuharibika, na lazima zipimwe tena baada ya wiki 12 kabla ya kuaminiwa. Zina madhara mengine ambayo watu hawaelezwi: kipimo cha VDRL cha kaswende hutumia mafuta ya aina hiyohiyo, hivyo mwanamke mwenye lupasi anaweza kuambiwa ana kaswende asiyowahi kuwa nayo. Kabla ya kumtuhumu mtu nyumbani, kifanyike kipimo cha pili kinachotafuta kingamwili za kimelea chenyewe cha kaswende.

"Hana upele wa kipepeo, basi si lupasi." Wagonjwa wengi hawaupati kabisa. Na kwenye ngozi nyeusi upele huo hauwi mwekundu kama picha za vitabuni. Huonekana wa zambarau au weusi uliokolea mashavuni na juu ya pua, ukiiacha mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo. Mikunjo hiyo ndiyo ya kutazamwa.

Lupasi haiambukizi, si saratani. Wanaume huugua pia, ingawa kwa kila 10 karibu 9 ni wanawake. Na vipimo kutulia si ruhusa ya kuacha haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi: aghalabu dawa hiyo ndiyo imevituliza.

Dhana ninayoiogopa kuliko zote ni hii: "figo zikiguswa nitahisi maumivu." Hutahisi. Mgonjwa anatembea, anacheka, na protini inavuja kwenye mkojo. Labda ataona povu chooni lisiloisha haraka, labda miguu itavimba jioni, labda hataona lolote. Kijiti cha kupimia mkojo kikibadilika rangi kwenye kisehemu cha protini, kiasi chake hupimwa vizuri zaidi. Kikizidi nusu gramu kwa siku, kwa kawaida kipande kidogo cha figo huchukuliwa kwa sindano na kutazamwa, kwa kuwa aina ya uharibifu ndiyo huamua dawa. Kijiti hicho kiingizwe kwenye mkojo kila anapofika kliniki, hata siku anayosema yuko mzima kabisa.