Bi mkubwa aliniuliza hii homa imetoka wapi

Juzi natoka kazini, bi mkubwa jirani yangu hapa Majengo, Mombasa, akanishika mkono mlangoni. "Mwanangu, wewe si ndiye unayepima hivi vidudu, hebu niambie hii homa imetoka wapi, nyumba nzima tunakohoa na mjukuu kifua kimembana hata kunyonya hawezi." Nikamwambia bibi kwanza mtoto apelekwe hospitali saa hii hii, manake mtoto mchanga akishashindwa kunyonya na mbavu zinabonyea ndani kila akivuta pumzi huyo hangojewi asubuhi. Akapelekwa, akawekwa oksijeni, ameshatoka, alhamdulillahi. Lakini lile swali lake limenikaa, na nimeona nilijibu hapa kwa kirefu kwasababu ndio kazi yangu kila siku, kusoma jeni za virusi vya kifua, influenza (kirusi cha homa ya mafua), RSV (kirusi kinachobana vifua vya watoto wachanga) na wenzao.

Sisi watu wa Pwani tumezoea kuhesabu mafua kwa pepo. Kusi ikianza watu wanakohoa, tunasema ni baridi ya kusi, kaskazi ikija tunasema ni vumbi. Majira yana sehemu yake, RSV kwa mfano huku kwetu kwa kawaida huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kuvuka hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, lakini upepo hauzai kirusi. Kirusi kimekuja na mtu, na yule mtu alikitoa kwa mtu mwengine, hivyo hivyo hadi nchi ya mbali.

Sasa tunajuaje? Fikiria zile tenzi za zamani zilizokuwa zikinakiliwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu. Mwenye kunakili akiruka ubeti mmoja, basi kila atakayenakili kutoka kwake naye hana ule ubeti, na ukikusanya nakala nyingi unaweza kusema hii ni mtoto wa ile na hizi mbili ni ndugu. Virusi ni vivyo hivyo. Jeni ni maandishi ya kirusi, yameandikwa kwa herufi za kikemikali. Za influenza zina herufi kama 13,500 na za RSV kama 15,000, vikijinakili vinakosea herufi na karibu hakuna wa kusahihisha, makosa yanarithiwa. Mimi nikipata sampuli mbili zenye makosa yale yale, najua zina babu mmoja wa karibu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa hapa hapa jirani, Kilifi. Msimu wa baridi wa 2010 kwenda 2011 huko Ontario, Canada, ilionekana RSV yenye alama ya ajabu, kipande cha herufi 72 kwenye jeni moja kimejirudia, yaani kimeandikwa mara mbili. Ikaitwa ON1. Mwaka 2012 watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome pale Kilifi, ambao walikuwa wakipima watoto wa hospitali mwaka nenda mwaka rudi, wakaiona ile ile alama kwa watoto wa Pwani, na walipozisoma jeni vizuri ikaonekana haikuingia mara moja, iliingia mara kadhaa, kila mara na tofauti zake ndogo. RSV ina makundi mawili, A na B, na haikuchukua muda ON1 ikawa ndio inayotawala kundi la A. Kabla yake ndugu yake wa upande wa RSV B alishafanya safari kama hiyo, yeye alionekana kwanza Buenos Aires 1999 na kipande cha herufi 60 kilichojirudia, akazunguka dunia nzima.

Lakini hapa ndipo nataka watu wawe makini sana. Kuitwa Ontario haimaanishi kimezaliwa Ontario. Ndipo kilipokamatwa mara ya kwanza, basi. Hata zile aina za influenza zilizowahi kuwekwa kwenye chanjo, utaona jina kama A/Darwin/9/2021, Darwin ni mji wa Australia, mahali sampuli ilipotolewa. Ile homa kubwa ya 1918 iliitwa ya Hispania kwasababu Hispania haikuwa vitani na magazeti yake yaliandika wazi, wengine walikuwa wakizuia habari. Huku kwetu iliingilia bandari ya Mombasa mwaka huo huo, na hakuna aliyeiita homa ya Mombasa.

Ndiyo maana nikiona zile ramani za kwenye mtandao zenye mishale inayotoka London kuja Afrika huwa nauliza swali moja tu, waliopima ni kina nani? Nchi inayosoma sampuli elfu kumi na nchi inayosoma hamsini hazifanani, ile yenye nyingi itaonekana ndio chanzo cha kila kitu. Mtandao wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa kufuatilia influenza uko tangu 1952, benki ya data ya jeni za virusi ya GISAID tangu 2008, vyombo vipo, kinachokosekana ni sampuli kutoka miji kama huu wenye bandari, uwanja wa ndege, SGR na feri ya Likoni. Na hili linatugusa kabisa. Wataalamu wanakaa kila Februari kuchagua chanjo ya msimu wa kaskazini mwa dunia na kila Septemba ya kusini, sasa sisi tuliokaa karibu na ikweta na influenza tunayo karibu mwaka mzima tuchome ipi na mwezi gani? Huwezi kujibu bila data yako mwenyewe.

Nyengine ambayo mpaka leo inanishangaza ni B/Yamagata, ukoo mmoja wa influenza B. Machi 2020 dunia ikajifungia kwa ajili ya korona, ndege zikalala, shule zikafungwa, na tangu mwezi huo haijathibitishwa tena popote, mpaka WHO ikashauri itolewe kwenye chanjo. H3N2, aina moja ya influenza A, ilinusurika, yenyewe husafiri haraka na inashika sana watu wazima, ambao ndio wanaopanda ndege, influenza B inapenda zaidi watoto na huenda polepole. Kirusi kinasafiri kama anavyosafiri mwenye kukibeba.

Nikarudi kwa bi mkubwa nikamueleza haya yote, akasikiliza, kisha akasema sawa mwanangu, lakini humu ndani kimeingiaje? Hilo nalo Kilifi walishalifuatilia, waliingia nyumba kwa nyumba 2009 hadi 2010 wakichukua sampuli za pua za familia nzima mara mbili kwa wiki hata kwa wasioumwa, na wakakuta RSV ya mtoto mchanga mara nyingi imeletwa na ndugu zake wakubwa wanaosoma. Nikamuuliza, huyu mdogo ana kaka? Akageuka kumtazama mvulana wa darasa la kwanza aliyekaa kwenye jamvi anafanya homuweki, kamasi mpaka mdomoni, na yule mdogo amemlalia mapajani.