Steringi amerudi, ila ngojeni niwaambie habari ya mgongo wake

Mliokulia Moshi miaka ya 2000 mtanielewa nikisema Brendan Fraser, yule mwigizaji wa filamu, alikua mtu wetu kabisa. Pale Majengo kwenye banda la video, mabenchi ya mbao, tivi moja na spika imefungwa kwa waya, The Mummy ile ya 1999 ilirudiwa mpaka mkanda ukaanza kukwaruza, na wale mende wakianza kuingia chini ya ngozi ya mtu sisi wadogo wote tunapandisha miguu juu ya benchi. Ila yeye hatukumwogopea hata siku moja, maana steringi hafi. Anarushwa ukutani, anaamka, anajipangusa vumbi, kazi inaendelea.

Leo mi ni fiziotherapisti hapahapa Moshi, kazi yangu ni migongo, magoti na mabega ya watu, na tangu jamaa achukue Oscar nimekua nikitaka kuandika hii kitu kwasababu naona watu wanashangilia amerudi kama vile alikua safarini tu. Hakua safarini. Alikua anaumwa.

Mwaka 2018 alifunguka kwenye mahojiano na jarida la GQ, akasema mpaka wanashuti The Mummy ya tatu, ile iliyotoka 2008, mwili wake ulikua unashikiliwa na plasta na barafu. Baada ya hapo ni hospitali kwa karibu miaka saba, anaingia anatoka, goti likabadilishwa sehemu, nyuzi za sauti zikafanyiwa upasuaji, na mgongo ukapasuliwa, haukukaa sawa, mwaka mmoja baadae wakarudia.

Hapo kwenye mgongo nisimame kidogo maana ndo kila wiki nakutana nako. Kila pingili ya uti wa mgongo kwa nyuma ina kibamba cha mfupa, kama paa dogo, na chini ya lile paa ndo mishipa ya fahamu inapita kwenda miguuni. Sasa mtu akibeba, akianguka, akijipinda miaka na miaka, diski, ule mto laini kati ya pingili na pingili, inavimba kurudi nyuma kwenye mfereji wa mishipa, mfupa unaota pembeni, kano zinanenepa, ule mfereji unakua mwembamba, na mshipa unabanwa. Ndo unasikia mtu anasema "mguu unawaka moto" au ganzi mpaka kidole gumba, akitembea mita mia lazima akae. Daktari wa upasuaji anachofanya ni kuliezua lile paa ili mshipa upate nafasi. Kuezua tu, ndo maana yake, wataalamu wanaita laminektomi. Na nyumba ukishaiezua si unajua kuta zake zinabaki vipi, kwahiyo sasa misuli ya tumbo na ya mgongo ndo inabidi ishike kazi ambayo mwanzo haikua yake peke yake.

Kuna mgonjwa wangu mmoja, nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane, alikua mpagazi, anabeba mizigo ya watalii Mlima Kilimanjaro. Sheria inasema mzigo usizidi kilo 20 lakini kwa miaka yake ya mwanzo anasema alikua anabeba chochote anachowekewa kichwani, na mteremko ndo ulimmaliza kuliko kupanda. Baada ya upasuaji siku ya kwanza nilimfundisha kuamka kitandani: kunja magoti, bingirika mwili mzima kama gogo, usipinde kiuno, miguu ishuke huku mkono unasukuma godoro. Mwanaume wa miaka arobaini na, jasho linamtoka kwa kukaa tu. Mke wake akawa anamwambia mume wangu utarudi kama zamani, ndugu nao kila anayekuja hivohivo, utarudi kama zamani baba, na mi naona uso wake unavyoshuka kwasababu mwili wake ulikua unamwambia kitu kingine. Hiyo kauli inatolewa kwa upendo lakini inamuumiza mgonjwa, naomba sana muiache.

Sasa mwangalieni Fraser alivyorudi. Hakuruka kutoka kitandani kwenda kuwa steringi. Mwaka 2019 kwenye tamthilia ya Doom Patrol alikua mtu wa chuma, na ndani ya lile vazi la chuma alikua mwigizaji mwingine, yeye sehemu kubwa alitoa sauti. Sauti tu! 2021 akapata nafasi ya pembeni kwenye filamu ya No Sudden Move. Halafu ndo The Whale, filamu iliyompa Oscar, anaigiza mwalimu mnene sana ambaye kusimama tu ni vita, na mi nilimwangalia anavyojisogeza mbele ya kiti, anavyotafuta pa kushika, anavyohamisha uzito, nikasema huyu hafundishwi na mtu, huyu maumivu anayajua. Kwetu tunaita kurudi kazini kwa hatua, na kuna siku natamani ningekua nimempangia mimi ile ratiba.

Na mashabiki nao walikua dawa, hili nasema kitaalamu kabisa. Mwisho wa 2016 kuna video yake ilizunguka akihojiwa, mnyonge, anaongea kwa sauti ya chini, watu wakacheka sana, kumbe alikua ametoka kumzika mama yake siku chache nyuma. Watu walewale wa mtandaoni baadae wakageuka, 2021 shabiki mmoja akamwambia kwenye video kwamba wako nyuma yake, jamaa machozi yakamlenga. Septemba 2022 The Whale ilipoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Venice, Italia, watu wakasimama wakampigia makofi kama dakika sita. Mgonjwa mwenye watu wanaomngoja bila kumharakisha anafanya mazoezi, hilo nimeliona kwa macho yangu mara nyingi mno, na yule asiye na mtu anaacha wiki ya tatu.

Tuzo za Oscar zilitolewa usiku kwao, huku kwetu ikawa Jumatatu asubuhi tarehe 13 Machi 2023. Yule mpagazi alikua na miadi siku hiyo, amekaa kwenye benchi anasubiri zamu, nikamwonyesha kwenye simu Fraser kashika sanamu, machozi, pumzi zinakatika. Akaitazama mara mbili. Akacheka, akasema, "Dokta, huyu anahema kama mgeni aliyefika kambi ya Barafu kule juu mlimani." Halafu akasogea mbele ya benchi, akapanga miguu, mgongo umenyooka, akasimama bila kushika kitu.