DAC ni nini, na kwa nini nyingine huuzwa bei ya gari

Wimbo ulio kwenye simu au CD ni nambari tupu. Kifaa kinachozigeuza nambari hizo kuwa umeme, ambao hatimaye huendesha spika, huitwa DAC. Kila simu na kila televisheni inayo. Kile kiwaya cha Apple cha kuunganisha hedifoni na simu isiyo na tundu lake kina DAC ndani, na Marekani kimeuzwa dola 9. Kampuni ya dCS ya Uingereza nayo hutengeneza DAC zinazozidi dola 10,000.

Tofauti hiyo inanunua nini? Tuangalie CD kwanza. Ilipoingia sokoni mwaka 1982, Philips na Sony walikuwa wamekubaliana kwamba sauti ipimwe mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kiwe na biti 16 (tarakimu 16 za 0 au 1). Hawakubahatisha. Nadharia ya Nyquist na Shannon inasema wimbi likipimwa kwa kasi inayozidi mara mbili ya masafa yake ya juu kabisa (mitetemo kwa sekunde, yaani hezi), linarudishwa lote, bila pengo. Sikio la kijana huishia karibu hezi 20,000, na letu wazee hata hapo halifiki. Kwa hiyo ile michoro ya matangazo inayoonyesha sauti ya dijitali ikiwa na ngazi-ngazi inapotosha: baada ya kichujio cha DAC, wimbi hutoka laini.

Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha jaribio lao katika jarida la Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti. Walipiga muziki wa ubora unaopita CD, kisha muziki uleule ukipitishwa kwenye kiwango cha CD, bila wasikilizaji kuambiwa upi ni upi. Katika majaribio 554 walipatia 276, sawa na kurusha shilingi. Hawakuwa wakilinganisha bei za DAC, lakini hoja kuu ya wauzaji, kwamba ubora unaopita CD husikika, iliguswa.

Mbona basi watu huapa kwamba wanasikia tofauti? Mara nyingi kifaa kimoja kina sauti kubwa kidogo tu, na sikio huiita hiyo "safi". Bei ikijulikana, ndiyo kabisa.

Sisemi DAC zote ni sawa. Ya kompyuta mbovu huvuma, na kile kiwaya cha dola 9 hutoa takriban volti 1 tu, haitoshi kwa hedifoni za studio zinazohitaji nguvu nyingi. Ukishavuka hapo, pesa inaingia kwenye kasha la aluminiamu, vitufe, matundu mengi ya kuunganishia na jina.

Spika ndizo zinazotofautiana waziwazi, na chumba pia. Iondoe spika kwenye kona, isogeze mbali kidogo na ukuta, utasikia besi ikipungua kuvuma hapohapo, bila kununua kitu.